Lango la Kilimani

Mlaji alikuwa ameshiba, na hapo ndipo shida ilipoanzia.

Nyamizi Kapalata aliweka kiganja kwenye ukuta wa handaki na kusubiri. Ukuta ulikuwa na joto la mtu mwenye homa ndogo, na nyuma yake yalisikika majitaka ya mji mzima wa Sengamila yakipita polepole. Mlaji mwenye njaa hutetemeka, na fundi yeyote aliyemzoea huusikia mtetemo huo mpaka kwenye kiwiko. Siku hiyo hakutetemeka. Alikuwa ametulia kama ng'ombe aliyelala baada ya malisho.

Kwenye barua za serikali ya mji aliitwa Mfumo Hai wa Majitaka, lakini hakuna aliyemwita hivyo. Alitengenezwa maabara, nusu mzizi na nusu uyoga, akapandwa chini ya mji kabla Nyamizi hajamaliza shule. Mishipa yake ilikuwa na uwazi ndani kama mabomba, mingine mipana kiasi cha mtu mzima kutembea ndani bila kuinama. Uchafu uliingia kutoka vyooni, naye akaula njiani, na huko mwisho, kwenye mabwawa ya mashariki, yakatoka maji yanayofaa kumwagilia mchicha. Hakuhitaji saruji. Akinusa chakula mahali, alikua kukifuata. Ila alikua akiwa na njaa tu. Akishiba, ungeweza kumwekea chambo hatua chache mbele yake na asisogee.

Na sasa mji ulitaka asogee mpaka Mabehewa.

Bahari ilipoanza kula pwani, watu wa huko walipanda treni kuja bara. Wa kwanza walifika Nyamizi akiwa mwanafunzi. Wakapewa bonde upande wa magharibi, wakajenga mtaa na kuuita Kisiwani, ingawa kutoka hapo kuiona bahari ni safari ya siku mbili. Wa pili walikuja mwaka huu, baada ya kuta za mwisho za kuizuia bahari kupasuka, na walikuwa wengi kuliko mji ulivyowahi kufikiria. Nafasi haikuwepo. Treni zilizowaleta zikaachwa kwenye reli za pembeni, nao wakabaki humo humo, familia mbili tatu katika behewa moja, wakachimba vyoo katikati ya reli. Udongo wa pale ni mfinyanzi, haunywi maji. Mashimo yakajaa upesi, yakafurika kuelekea visimani, na watoto wakaanza kuhara.

Nyamizi alikwenda kuona. Alimwona baba mmoja akitembea juu ya reli amebeba kitu kirefu kilichofungwa kwenye kanga, na nyuma yake wanaume wawili wenye majembe. Alitazama wanakoelekea, akaona kaburi litachimbwa karibu mno na kisima, akamwambia msimamizi wa kambi awasogeze juu zaidi. Kisha akaendelea kupima mteremko wa ardhi. Moyoni hakusikia kitu. Tangu mumewe Athmani afukiwe kwenye handaki la kusini miaka miwili iliyopita, ilikuwa hivyo. Watu walimwambia kilio kitakuja chenyewe, akingojee. Alikingojea kwa muda, kisha akaona kazi zinalala, akaacha kungoja.

*

Mkurugenzi wa majitaka, Bwana Kisabo, alikuwa mtu mpole mwenye tabia ya kupangusa meza yake kwa kiganja kila anapotaka kusema jambo asilolipenda. Siku hiyo aliipangusa kwa muda mrefu.

Nyamizi alikuwa amemletea matokeo ya mashine ya makadirio. Mlaji alikuwa na mikono minne mikubwa, na kila mkono ulikuwa na lango lake. Ukifunga lango, mtaa ule hauleti tena chakula, na mkono wake unaanza kutafuta. Mkono wa Kilimani ndio uliopita karibu na reli. Ukishindishwa njaa, ungefika Mabehewa kabla ya mvua. Watu wa Kilimani wangetumia ndoo kwa majuma machache, magari yangezikusanya, na uchafu wao ungemwagwa kwenye mtaro wa Mabehewa uwe chambo. Hospitali ilikuwa na njia yake, isingeguswa. Mashine ilionyesha pia ubaya wake: kutakuwa na wagonjwa Kilimani, na baadhi ya wazee wa mtaa ule hawatapona.

Kisabo alisoma yote. Kisha akamweleza kwamba baraza la mji limekwisha kuamua. Litafungwa lango la Kisiwani.

Nyamizi akamwambia kwamba mkono wa Kisiwani uko upande wa pili wa mji. Utachelewa, na kwa kuchelewa watakufa wengi zaidi, huku na kule. Kisabo akajibu kwamba baraza limeelezwa hayo. Wajumbe karibu wote wanaishi Kilimani. Watu wa Kisiwani bado hawana haki ya kupiga kura. Aliyasema bila kuyatetea, kama mtu anayesoma hali ya hewa.

"Na wewe unaonaje?" Nyamizi akamuuliza.

"Mimi naishi Kilimani pia," Kisabo akasema. "Na mama yangu. Kwa hiyo usiniulize naonaje."

Nyamizi aliwahi kula mezani kwa mama huyo, Bi Nkwimba, mara nyingi. Wiki ya msiba wa Athmani bibi yule alimletea uji kila asubuhi, akakaa naye mpaka bakuli liishe. Akakumbuka hayo, akachukua karatasi zake, akaondoka.

*

Kazi ya kuwaarifu watu wa Kisiwani aliiomba mwenyewe. Mama wa Athmani, Bi Mwantumu Shee, alikuwa mmoja wa wazee wa mtaa, na Nyamizi hakutaka alisikie jambo hilo kwenye kipaza sauti.

Alimkuta uani anachambua mchele. Akamwamkia, akaitikiwa, akaletewa kigoda na kikombe cha chai ya tangawizi. Bi Mwantumu alimtazama usoni kama alivyomtazama kila mara tangu msiba, kama mtu anayechungulia dirishani kuona kama wenyewe wamesharudi.

Nyamizi alimweleza yote bila kupunguza. Alimweleza mpaka habari ya mashine, kwamba iliutaja mtaa mwingine na si huu.

Bi Mwantumu hakuacha kuchambua. Alisema mdogo wake wa tumbo moja yuko Mabehewa na wajukuu watano, na wiki iliyopita walikuwa sita. Akasema watu wa Kisiwani watabeba ndoo. Hawatabeba kwa sababu baraza limesema, watabeba kwa sababu wale walioko kwenye mabehewa ni wao. Kisha akatoa jiwe dogo kwenye ungo na kulitupa.

"Lakini mwanangu, wewe ulijua pa kufunga," akasema. "Umekuja kwetu kuomba ruhusa ya kufunga pengine. Hiyo ruhusa nakupa. Usije ukadhani imekutosha."

Nyamizi akamaliza chai yake. Alipokuwa anaondoka alijaribu kulitafuta neno lile ndani yake, aone limeangukia wapi. Hakuliona.

*

Lango la Kisiwani lilifungwa kesho yake. Siku za mwanzo mambo yalikwenda vizuri kuliko alivyotegemea. Watu walitoa ndoo zao alfajiri zikiwa zimefunikwa na kunyunyiziwa majivu, magari ya mji yakazikusanya, chambo kikamwagwa kwenye mtaro. Mkono wa Kisiwani ukaanza kutetemeka. Kwenye kioo cha mashine katika kituo cha majitaka Nyamizi aliuona ukichomoza ncha mpya, nyembamba, iliyopapasa huku na huku.

Baadaye magari yakapungua. Kulikuwa na shughuli nyingine za mji, wakasema, na mafuta hayatoshi. Kisha yakaacha kuja kabisa. Ndoo zikajaa. Nyamizi akaandika, akapiga simu, akaenda mwenyewe karakana akakuta madereva wamepangiwa kazi ya kubeba mchanga wa barabara ya Kilimani. Na watu wa Kisiwani, baada ya kungoja kadiri walivyoweza, wakafanya ambalo mtu yeyote angefanya. Wakachimba mashimo nyuma ya nyumba zao.

Mlaji alikuwa na njaa, na chakula kilikuwa hapo juu ya kichwa chake.

Bi Mwantumu ndiye aliyempigia simu, mchana, wakati wa chakula. Nyamizi alipofika, alikuta umati umesimama mbele ya nyumba ya fundi cherehani mmoja, Sharifu Mbwana. Sakafu ya chumba cha nyuma ilikuwa imezama. Mzizi mweupe, mnene kama shina la mnazi, ulikuwa umepasua udongo, umepita chini ya kitanda, umetoka ukutani kuelekea shimo la uani, na ulikuwa bado unajisukuma taratibu. Haukuwa na ubaya wowote. Ulikuwa unafanya ulichoumbiwa. Mke wa Sharifu alikuwa amelala mchana ule kwa sababu ya kuumwa kichwa. Walikuwa wamekwisha kumtoa, wamemlaza kivulini, wamemfunika.

Sharifu alikuwa amekaa kando yake na futi yake ya kupimia bado shingoni. Alimtambua Nyamizi, kwa kuwa alimshonea nguo ya harusi. Alimuuliza kwa sauti ya kawaida tu kama kitu kile sasa kitasimama, maana jirani yake ana watoto.

Nyamizi akamwambia kitasimama.

Alipanda pikipiki mpaka Mabehewa kabla ya kurudi kituoni. Alitaka kuwa na uhakika. Mtaro wa chambo ulikuwa umekauka, umepasuka kama ulimi wa mtu mwenye kiu. Pale ambapo alishauri kaburi lisogezwe, yalikuwepo mengine yamepangana kuteremka mlima, mafupi mafupi. Mawingu ya kwanza yalikuwa yanakusanyika upande wa kusini.

*

Malango yote yaliongozwa kutoka chumba kimoja kituoni, na watu wawili tu walikuwa na idhini ya kuyagusa: yeye na mkurugenzi. Nyamizi aliketi mbele ya kioo. Aliomba makadirio mapya, na mashine ikampa. Kilimani sasa haikuwa imeandaliwa. Watu wake hawakufundishwa ndoo wala majivu. Wagonjwa wangekuwa wengi kuliko hesabu ya mwanzo, na wazee ambao hawangepona wangeongezeka. Hata hivyo, ukilinganisha na Mabehewa baada ya mvua kunyesha juu ya yale mashimo, ilikuwa kama kulinganisha nyumba moja na kijiji.

Mashine haikutaja majina. Ilitaja mitaa, umri na maradhi ya wakazi, ili mhandisi ajue nani yuko hatarini. Katika mtaa wa tatu wa Kilimani palikuwa na mwanamke mmoja aliyekaribia miaka themanini, mwenye figo mbovu. Nyamizi alisoma mstari ule mara moja. Alimjua. Aliujua mpaka mkeka anaokalia.

Alifungua lango la Kisiwani. Akafunga la Kilimani.

Kisha akaandika ujumbe kwa simu zote za mtaa ule. Aliandika kwamba kuanzia sasa vyoo vyao havitafanya kazi. Watumie ndoo, wafunike kwa majivu au chokaa, wasimwage kitu mifereji ya mvua, wachemshe maji yote ya kunywa. Aliwaambia ni kwa nini, na kwamba itakwisha Mlaji akifika Mabehewa. Mwisho akaweka jina lake kamili.

Alingoja mikono yake itetemeke. Ilikuwa imetulia. Akaenda kupika chai.

Kisabo alifika jua halijazama. Hakubisha hodi. Alisimama nyuma ya kiti chake akitazama kioo, ambako mkono wa Kilimani ulikuwa umeanza kujinyoosha upande wa reli, mnene, wenye nguvu, ukienda moja kwa moja bila kupapasa. Alihema kama mtu aliyepanda ngazi nyingi. Simu yake ililia mfukoni, ikanyamaza, ikalia tena.

Alimwambia Nyamizi kwamba baraza linamtaka afungue mara moja, na kwamba yeye mkurugenzi amwandikie barua ya kusimamishwa kazi. Nyamizi akasema barua ataipokea. Akasogea pembeni ili mkurugenzi apate kiti, na akamwonyesha mahali pa kuweka kidole.

Kisabo hakukaa. Aliuliza habari ya nyumba ya fundi cherehani, akaambiwa. Aliuliza Mabehewa kukoje, akaambiwa. Akapangusa meza ya kituo kwa kiganja, polepole, kutoka pembe moja mpaka nyingine.

"Mimi sijafika hapa leo," akasema. "Wakiniuliza, nitasema mashine iliikataa idhini yangu."

Akatoka. Lango likabaki limefungwa.

*

Kilimani walifanya kila walichokatazwa. Walimwaga kwenye mifereji, walichimba kwenye bustani za maua, wengine waliwalipa vijana wa soko wabebe ndoo, na vijana wakazimwaga nyuma ya ukuta wa jirani. Lakini si wote. Baadhi ya nyumba zilipeleka ndoo zao mtaroni kwa magari ya wenyewe, wanawake waliovaa vizuri wakizishika kwa ncha za vidole. Na siku ya tatu, bila kuombwa na mtu, Bi Mwantumu na wanawake wa Kisiwani walipanda kilima na magunia ya majivu. Waligonga mlango kwa mlango kuwafundisha wenyewe. Nyumba nyingine ziliwafukuza. Nyingi zikawapokea.

Mlaji alifika Mabehewa siku moja kabla ya mvua. Mafundi waliosimama mtaroni walisema ardhi ilinyanyuka kama mtu anayegeuka usingizini, kisha ncha nyeupe ikatokeza kwenye chambo na kufunguka. Waliunganisha vyoo mchana kutwa. Mvua iliponyesha ilikuta mashimo yamefyonzwa. Watoto waliendelea kuumwa kwa siku kadhaa, kisha wakapungua, na safu ile ya makaburi mlimani ikaacha kurefuka.

Nyamizi aliyasikia haya akiwa nyumbani, maana barua ilikwisha kumfikia. Ilimtaka afike mbele ya kamati ya uchunguzi juma lijalo. Alikaa kitandani na ile barua mapajani, akiwaza kwamba sasa labda furaha ingekuja, au hofu. Aliosha vyombo.

Ndipo akasikia kwamba Bi Nkwimba amefariki.

*

Msiba ulikuwa mdogo kwa nyumba ya mkurugenzi. Majirani wengi waliogopa kuingia penye ugonjwa. Waliojaza ua walikuwa wageni, wanawake wa Kisiwani kwa kanga zao, na wazee wachache waliokuja kwa miguu kutoka Mabehewa, ambao hawakumjua marehemu ila waliambiwa kwamba ni mama wa mtu wa majitaka.

Kisabo alikuwa amekaa kwenye benchi langoni, peke yake. Alikuwa amekonda. Nyamizi akampa pole, naye akaipokea, akamwachia nafasi kwenye benchi. Walikaa wakitazama barabara. Kisabo akamweleza kwamba ndugu wa kike hawakufika kwa wakati, na watu wa mochwari waligoma kumgusa. Aliyemwosha mama yake ni Bi Mwantumu na wenzake wawili.

Kisha akauliza, bila kumgeukia:

"Siku ile, kwenye mashine. Mama alikuwemo?"

Nyamizi angeweza kusema kwamba mashine haitaji majina. Ingekuwa kweli.

"Alikuwemo," akasema.

Kisabo akaitikia kwa kichwa. Alipangusa goti lake kwa kiganja. Akasema kwamba hata yeye aliliona jambo hilo, aliposimama nyuma ya kiti. Alitaka usiku ule ule ampeleke mama kwa dada yake, nje ya mji. Gari lilikuwa limeshajazwa mafuta. Akafikiri watu watasema mkurugenzi amewaokoa wake na kuwaachia wenzake ndoo, akaona aibu, akalizima. Na mama mwenyewe aliuliza kwa nini gari linanguruma, akamjibu kwamba analipasha moto tu.

Nyamizi alibaki pale pale kwenye benchi, kando yake.

"Ingia ndani," Kisabo akasema mwishoni. "Usikae mlangoni kama mgeni. Alikupenda."

Ndani, chumba kilikuwa kimejaa joto la watu na harufu ya chokaa. Bi Mwantumu alikuwa amekaa mkekani, mgongo ukutani, viganja vyake vimekunjamana kwa maji. Alipomwona Nyamizi alisogea kidogo.

"Mwanawe amekuuliza?"

"Ameniuliza."

"Ukamwambia?"

"Nimemwambia."

"Basi kaa," Bi Mwantumu akasema.

Akakaa. Mama mmoja kijana kutoka Mabehewa aliitwa jikoni kusaidia kusonga ugali. Akaangaza mtu wa kumshikia mwanawe, na aliyekuwa karibu ni Nyamizi. Akamlaza mtoto mkononi mwake bila kumuuliza jina, akaenda. Alikuwa mtoto wa kike wa miezi michache, amelala fofofo, shingo bado nyembamba kwa kuugua, tumbo likipanda na kushuka chini ya kitambaa. Hakuwa mzito. Lakini mama yake alikawia, wanawake wakaimba, wakanyamaza, wakaimba tena, na mkono wa Nyamizi ukaanza kufa ganzi kuanzia vidoleni hadi begani. Angeweza kumhamishia upande wa pili. Aliogopa kumwamsha.

Baadaye sana mtoto alijigeuza mwenyewe, na damu ikaanza kurudi mkononi. Ilirudi kwa uchungu, kama sindano nyingi kwa pamoja. Nyamizi akafumba macho, akaiacha irudi.